UZI: Viungo vya nyumbani kwa jiko la Mombasa: nunua vizima, nunua kidogo, saga mwenyewe

BintiKuze (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote mlio jikoni.

Ramadhani ikikaribia, au mtu akihamia nyumba mpya, swali huja lile lile: ninunue viungo gani? Akishaenda Marikiti hurudi na vifuko chungu nzima vya unga, vyekundu, vya manjano, vya kahawia, akavipanga kwenye rafu ubavuni mwa jiko kwa sababu hapo ndipo mkono unapofika upesi. Masika ikipita, vingine vimeshikana donge, vingine vimeingia vidudu, na vilivyosalia havinuki kitu. Pesa imekwenda na pilau bado haina ladha. Naona uchungu kila nikisikia habari hii, kwa sababu viungo si rahisi siku hizi na iliki ndiyo kabisa.

Neno langu ni hili. Hapa pwani unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na joto tunalo mwaka mzima. Harufu ya kiungo ni mafuta, na mafuta hayo huruka. Kiungo kikiwa kizima, ganda lake huyafungia ndani. Kikisagwa, kila chembe iko wazi: harufu inatoka, unyevu unaingia. Bizari nyembamba nzima iliyotunzwa vyema huingia mwaka wa pili ikiwa bado na nguvu. Hiyo hiyo ikiwa unga, kwa hewa yetu, mimi siiamini ikishapita miezi mitatu. Kwa hiyo nunua vizima, nunua vya kiasi unachopika, saga vya wiki chache tu.

Jiko la hapa linasimama kwa viungo vitano vya pilau: bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini. Bizari nyembamba ndiyo yenye pilau. Ndiyo harufu inayokupokea kabla hujavua viatu kwenye nyumba ya harusi. Karafuu iwe ya kuhesabu. Mafuta yake, eujenoli, hutia ganzi ulimi, ndiyo maana wazee huiweka kwenye jino linalouma, na ikizidi sufuriani pilau huwa chungu na hakuna la kuiokoa.

Kwa wanaopenda kipimo, masala yangu ya pilau ni hivi: vijiko 4 vya kulia vya bizari nyembamba, 2 vya pilipili manga, 1 cha punje za iliki zilizotolewa maganda, nusu kijiko cha karafuu, na vijiti 2 vya mdalasini vya urefu wa kidole. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, anza na bizari na pilipili manga, koroga mpaka zianze kunuka, ndipo utie vingine kwa muda mfupi. Usingoje moshi. Mimina kwenye sinia, ziache zipoe kabisa, kisha saga. Ukisaga zikiwa moto na kufunika chupa, ule mvuke hubaki ndani, na hapo ndipo donge linapoanzia. Maganda ya iliki usiyatupe. Yatie kwenye mkebe wa majani ya chai.

Upande wa mchuzi unataka manjano, mbegu za dhania na pilipili nyekundu kavu. Mbegu za dhania watu huzisahau, na ndizo zinazoufanya mchuzi uwe mzito na wenye harufu tulivu, usiwe wa ukali mtupu. Manjano peke yake nakubali ununue ya unga, maana mzizi wake mkavu ni mgumu mno kwa mashine za nyumbani. Ongeza uwatu kidogo ukipenda mchuzi wa samaki. Kidogo kweli kweli, punje za kushika kwa ncha za vidole, kwa sababu ni mchungu.

Kungumanga moja nzima yatosha nyumba miezi mingi. Ikwangue tu unapohitaji.

Vibichi ni kitunguu thomu, tangawizi, dhania, pilipili mbichi, ndimu. Hivi si vya akiba, ni vya wiki. Ukwaju ndio unaokaa.

Karibuni tuzungumze.

Mgeni_Bamburi

Ahsante sana dada BintiKuze. Mimi nimeolewa huku, kwetu ni bara. Nyumbani tulipika nyama kwa kitunguu, nyanya, dhania na chumvi, na ilikuwa tamu. Huku naona kila mtu ana chupa kumi na tano. Mama mkwe atakuja kukaa nasi mwezi ujao na sitaki aone jiko langu halina kitu, lakini bajeti ni ndogo. Nikiwa na pesa ya viungo vinne tu, nianze na vipi?

BintiKuze

Karibu Mombasa, dadangu. Na usikidharau chakula cha kwenu. Nyama ya kitunguu na dhania ina heshima yake.

Vinne: bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, manjano. Nitakwambia kwa nini, ili usione nimevitaja tu.

Bizari na pilipili manga zitakupikia pilau nzuri hata bila karafuu na mdalasini. Watu wengi hapa hupika pilau ya siku za kawaida kwa bizari, pilipili manga, thomu na tangawizi, basi. Siri ya pilau iko kwenye kitunguu maji: kikaange mpaka kiwe kahawia iliyokolea, kabla ya kuungua, maana hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka. Manjano utatia kwenye mchuzi wa samaki, viazi vya rojo, mbaazi za nazi. Iliki itakutengenezea mahamri, kaimati, tambi na chai ya jioni. Hapo tayari umemlisha mama mkwe asubuhi mpaka usiku.

Mwezi wa pili ongeza mbegu za dhania na mdalasini. Karafuu ije baadaye. Utanunua kidogo na itakaa.

Jambo moja la kupika, kwa kuwa umetaja bajeti. Harufu ya viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukitia manjano na mbegu za dhania juu ya mchuzi unaochemka, nusu ya ulichonunua kimepotea. Vitie kwenye mafuta baada ya kitunguu na thomu, ukoroge kidogo, kisha mwaga tungule, yaani nyanya. Kwenye vyakula vya nazi tui zito lina mafuta yake na litakusaidia, ila hata huko mimi hupitisha manjano kwenye mafuta kwanza.

Kapera_Mtwapa

Nauliza kwa niaba yetu tunaokaa peke yetu. Mimi napika mara moja moja. Kuna haja gani ya kusaga? Pilau masala ya pakiti ipo kila duka.

FundiStima_Changamwe

Nakubaliana na Kapera. Dada, nakuheshimu, lakini mke wangu anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, anapanda matatu, anafika saa moja na zaidi. Umwambie akaange bizari na kuisaga? Maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Pakiti ina kila kitu ndani, imepimwa, inafanya kazi.

BintiKuze

Kaka Fundi, umesema jambo la haki na nalichukulia kwa uzito. Sitaki mtu ajisikie vibaya kwa sababu ya pakiti. Mama aliyechoka akipika kwa pakiti na watoto wakala wakashiba, amefanya kazi kubwa.

Ila nakupinga kwenye hesabu ya muda. Hasagi kila jioni. Jumapili moja, dakika kumi na tano, anasaga masala ya wiki tatu. Jioni anafungua chupa kama ambavyo angefungua pakiti. Hiyo Jumapili si lazima awe yeye. Wewe mwenyewe unaweza kukaanga bizari.

Tena tazama nyuma ya pakiti. Nyingi zina chumvi, nyingine zina wanga wa kujazia, na bizari nyembamba, ambayo ndiyo pilau yenyewe, hujui imewekwa kiasi gani. Unanunua chumvi kwa bei ya iliki. Hujui pia imesagwa lini.

Kapera, wewe unayepika mara moja moja ndiye unayehitaji vizima kuliko sisi sote! Mwenye familia ya watu saba atamaliza unga wake kabla haujaharibika. Wewe utamaliza mwaka na pakiti moja. Nunua gramu 50 za bizari nyembamba na 50 za pilipili manga, na kinu kidogo cha mawe au cha mbao. Ponda unachotaka kwa siku hiyo. Hata kuponda nusunusu kunatosha. Kwenye nyama ya kuchoma chembe kubwa ni nzuri zaidi.

DukaLaMarikiti

Niruhusuni niseme kama muuzaji. Nimekua ndani ya duka la viungo, biashara ni ya familia, na mengi aliyosema dada hapo juu wateja wetu wa zamani wanayajua. Wageni ndio wanaoumia, nami nataka wasiumie.

Mteja ana haki ya kunusa na kugusa. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili, yamejaa pande hizo zote za Barabara ya Digo. Angalia hivi:

Karafuu. Iwe na kichwa, yaani kile kitufe juu. Bonyeza shina kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, ukucha utanuka. Nyumbani tia chache kwenye bilauri ya maji. Nzuri huzama au husimama wima. Inayolala juu ya maji imeshakamuliwa mafuta yake na imeuzwa mara ya pili. Karafuu za Pemba na Unguja ziko jirani yetu, hakuna sababu ya kununua kavu zisizo na kitu.

Pilipili manga. Kuna watu huchanganya na mbegu za papai zilizokaushwa. Kwa jicho la haraka hutazijua. Zitie majini: pilipili manga nzuri huzama, mbegu za papai huelea. Na ukitafuna moja ya papai, ukali wake ni mwingine kabisa.

Iliki. Taka ganda la kijani lililofunga, na ndani punje ziwe nyeusi, zinanata kidogo. Ganda jeupe lililokauka na punje za kahawia hafifu ni ya zamani. Iliki nyingine hutoka jirani, milima ya Usambara upande wa Amani. Nyingine huja kutoka mbali, hadi Guatemala, nchi inayouza nje iliki nyingi. Usichague kwa jina la nchi, chagua kwa kupasua moja.

Mdalasini. Kuna aina mbili mtaani. Mmoja ni gome jembamba lililoviringwa tabaka nyingi, unavunjika kwa vidole. Huo ndio wa asili ya Sri Lanka. Wa pili ni gome nene, gumu, tabaka moja, ambao kwa wenzetu huitwa kasia. Wa pili una ukali zaidi na unafaa pilau na nyama. Wa kwanza una utamu wa kunusa, ni wa chai na vitamu. Kasia ina kumarini nyingi, kitu kisichopendwa na ini kikizidi, kwa hiyo mtu anayekunywa chai ya mdalasini kila siku namshauri achukue ule mwembamba hata kama bei imepanda.

Manjano ya unga ndiyo nataka msikilize zaidi. Rangi ikiwa kali kupita kiasi, jiulizeni. Bangladesh mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba manjano yalikuwa yakitiwa rangi ya kromati ya risasi, yaani ile madini yenye sumu, ili yang'ae, na watu walikuwa na risasi kwenye damu. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto. Nunua kwa mtu unayemjua, au nunua mizizi mikavu na uipeleke kwenye mashine ya kusaga ya mtaani ukiwa umesimama hapo hapo. Si gharama kubwa.

Mgeni_Bamburi

Ahsante kaka kwa ukweli huu. Kwa hiyo nikipeleka kwenye mashine na bizari yangu pia watanisagia?

DukaLaMarikiti

Watakusagia, dada. Ila uliza kimesagwa nini kabla yako. Ikiwa ni pilipili kali, subiri mwingine apite kwanza au mwambie asafishe, la sivyo chai yako itakuwa na pilipili.

BintiKuze

Kaka, Mungu akubariki biashara. Naongezea hapo kwenye unyevu, kwa kuwa si ladha tu, ni afya.

Kuvu hupenda pilipili kavu, tangawizi kavu na kungumanga vikilowana. Aina fulani za kuvu hutoa sumukuvu, hii aflatoksini tunayoisikia kwenye mahindi. Mnakumbuka mwaka 2004, mashariki mwa nchi yetu, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Kiungo hutumika kidogo kuliko ugali, sitaki kumtia mtu hofu isiyo na kipimo, lakini sumu hii haiondoki kwa kupika. Pilipili kavu ukiiona ina utando mweupe au wa kijivu ndani, au inanuka uvundo, usiioshe ukaianika tena. Tupa.

Kuhusu mahali pa kuweka: kabati lenye mlango, mbali na jiko na dirisha. Juu ya friji hapafai, pana joto siku zote. Chupa za kioo za jemu zilizooshwa na kukauka kabisa zatosha, hakuna haja ya kununua seti za mapambo. Rafu zile za wazi zinapendeza kwenye picha, lakini mwanga hula rangi ya manjano na pilipili.

Na jamani, msinyunyize kiungo moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayochemka. Mvuke unapanda, unaingia chupani, unafunika na kuufungia. Chota kwa kijiko kikavu, mimina kwenye kiganja au kisahani, ndipo utie. Hilo pekee litaokoa nusu ya viungo vya watu wa mji huu.

Andika mwezi wa kununua kwenye kila chupa.

FundiStima_Changamwe

Na vidudu je? Sisi kila mwaka mbegu za dhania zinatobolewa.

BintiKuze

Mayai huja nazo kutoka ghalani, kaka. Ukizinunua tu, zifunge vizuri kwenye mfuko na uzitie friza siku nne kabla ya kuziweka chupani. Ukizitoa usifungue mfuko papo hapo. Acha ubaridi uishe kwanza, la sivyo maji ya hewa yataganda juu ya mbegu na utakuwa umezilowesha mwenyewe.

Iliki ya ziada pia naiweka friza ikiwa nzima.

NyanyaWaLikoni

Wanangu, nimesoma yote tangu juu, mjukuu ananishikia simu. Mmesema vizuri. Nataka kuongeza machache ya zamani.

Sisi hatukuwa na friza. Tulingoja kaskazi. Kuanzia Disemba mpaka Machi upepo ni mkavu kidogo na jua halina mawingu, ndipo tunaanika. Bizari, dhania, pilipili, vyote juu ya ungo, juani asubuhi, na kabla ya jua kushuka ungo umeingia ndani, maana jioni umande unarudi. Halafu havifungwi vikiwa na joto la jua. Vinalala chini ya kitambaa mpaka vipoe, ndipo vinatiwa mkebeni. Mkebe ule uliofungwa kaskazi ndio uliotuvusha masika. Mwenye kuanika mwezi wa tano anaanikia mvua.

Ukwaju mbichi mkiununua msimu wake, toeni kokwa, toeni nyuzi, tieni chumvi, muufinyange matonge, muuanike siku mbili tatu. Utakaa mwaka, na mchuzi wa samaki hautahitaji tungule. Ndimu zikiwa nyingi, kateni nne nne bila kuzitenganisha, jazeni chumvi na pilipili, tieni chupani, zipigwe jua kila siku mpaka ganda lilainike. Achari hiyo ni kiungo pia, msiihesabu kitoweo tu.

Hakuna aliyetaja habasoda. Kwangu haikosi, naitia juu ya mkate wa sinia... la, juu ya mkate wa mofa na kwenye achari. Na mrehani je? Na nanaa? Nyumba zetu zilikuwa na mrehani mlangoni.

BintiKuze

Shikamoo nyanya. Ahsante, hasa kwa ukwaju. Hilo la chumvi vijana wengi hawalijui, wanashangaa umeota ukungu.

Ghorofani_Tudor

Shikamoo nyanya. Kwa kuwa umetaja mrehani: mimi nakaa ghorofa ya tatu, nina kibaraza kidogo kinachopigwa na jua la asubuhi. Nimenunua dhania ya mbegu, ikaota, ikarefuka, ikatoa maua, haikunipa majani. Nini kinafaa huku kwetu?

BintiKuze

Hapa nitakaa kidogo, maana napenda mimea kuliko hata chupa.

Dhania inapenda baridi. Joto likizidi inakimbilia maua ili itoe mbegu, na huwezi kuizuia. Kwa Mombasa ipande mvua zikianza na kipindi cha kusi, kati ya Aprili na Agosti, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kama kibaraza chako. Ile mbegu ya duara ndani ina mbegu mbili. Iviringishe chini ya chupa mpaka ipasuke vipande viwili, iloweke usiku mmoja, ndipo uifukie. Usiihamishe ikishaota, haipendi kuguswa mizizi. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya kopo zima siku moja. Miezi ya kaskazi usijisumbue, nunua fungu sokoni.

Vinavyostawi hapa bila kubembelezwa ni mchaichai, mrehani, karipata na nanaa. Mchaichai: nunua shina lenye kitako sokoni, lisimamishe kwenye bilauri ya maji, likitoa mizizi lipande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Baada ya miezi michache utakuwa unakata chai ya nyumba nzima. Mrehani uupunje vichwa kila ukitaka kutoa maua, utatanuka. Nanaa ipe chombo chake peke yake, inavamia wenzake, na uipe maji kila siku. Karipata ni mti, utataka ndoo kubwa, lakini majani machache mabichi kwenye mafuta ya moto kabla ya mchuzi wa nazi, hakuna pakiti itakayokupa harufu ile. Ikikauka hupoteza karibu yote, kwa hiyo ni ya kupanda au kununua mbichi, si ya chupa.

Udongo wa pwani ni mchanga na maji hayakai. Changanya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu. Na kama kibaraza chako kinapata upepo wa bahari wenye chumvi, nyunyizia majani maji safi mara kwa mara.

Vikavu vya majani kama rozmari na thaimu unaweza kuweka kidogo kama mnapika kizungu. Kwa jiko la hapa si lazima.

Kapera_Mtwapa

Swali la pembeni. Kwa nini viungo ndivyo vyetu hapa pwani na si bara? Vyote vinalimwa hapa?

DukaLaMarikiti

Vingi havikuzaliwa hapa, kaka. Pilipili manga na iliki asili yake ni kusini-magharibi ya India, mdalasini mwembamba Sri Lanka, karafuu na kungumanga visiwa vya Indonesia. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, karne nyingi. Karafuu ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba karne ya 19 wakati wa Sayyid Said. Na pilipili hii kali tunayodhani ni ya babu zetu asili yake ni Amerika. Ilienea huku baada ya Wareno, ambao walifika Mombasa mara ya kwanza 1498. Kwa hiyo kabla ya hapo ukali wa mchuzi ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi.

Ghorofani_Tudor

Na zafarani? Nimeuziwa kwa bei ndogo, nikafurahi, rangi ikatoka papo hapo kama rangi ya kitambaa.

DukaLaMarikiti

Pole. Hiyo haikuwa zafarani. Ya kweli ni nyuzi za ndani ya ua, zinachumwa kwa mkono, gramu moja inataka maua kama 150, sehemu kubwa duniani hutoka Iran. Haiwezi kuwa rahisi. Tia nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia humwaga rangi mara moja na uzi hubaki mweupe. Kwa biriani ya kawaida manjano kidogo na maziwa yatakupa rangi. Zafarani weka kwa harusi na Idi.

FundiStima_Changamwe

Dada BintiKuze, mimi na mke wangu tumesoma pamoja. Jumapili nitakaanga bizari mimi. Ila anauliza: manjano yanatibu? Anaona kila siku watu wakitangaza.

BintiKuze

Msalimie sana mke wako.

Kwangu viungo ni chakula. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, hilo nalijua na wengi wanalijua. Lakini mtu mwenye sukari, presha au mimba asibadilishe dawa yake kwa kijiko cha unga aliosoma kwenye simu, amuulize daktari. Na kungumanga ndiyo ya kuchunga zaidi: kidogo ni harufu, nyingi humfanya mtu atapike na kuweweseka. Isiachwe mahali mtoto anapofika.

Mgeni_Bamburi

Dada, swali la mwisho kabla sijaenda sokoni. Mahamri ya kilo moja ya unga, iliki ngapi? Mama mkwe ni wa Kisauni, atajua.

BintiKuze

Punje za maganda kumi na mbili hivi, dadangu, ikiwa iliki ni nzuri. Zipasue, ponda punje pamoja na vijiko viwili vya sukari utakayotumia. Sukari inasaidia kuzisaga laini na inashika ile harufu isiruke. Tia kwenye unga kabla ya tui. Tui liwe zito la kwanza, la vuguvugu, lisiwe moto. Unga uumuke usiku, asubuhi ukate na uchome. Mbaazi zako zitie manjano nusu kijiko cha chai, zisizidi, na tui la kwanza litiwe mwisho moto ukiwa mdogo lisije likakatika.

Ukifika Marikiti, anza na iliki ukiwa bado na pesa zote mkononi. Pasua moja, nusa, ndipo upatane bei.